Gumba la Mtaa Mzima

“Macho yangu umeyauza wewe, Havintishi! Wewe na hilo daftari lako!”

“Niyauze kwa nani, Bi Siwatu? Nani atanunua macho yenye ukungu?”

“Ndiyo nakuuliza wewe uliyeyauza! Ningemjua mnunuzi ningekuwa hapa namaliza mate?”

“Na hayo mate yafute kwanza, yamenirukia.”

Mtaa wa Mabati Mapya ulikuwa umeshatoka nje wote. Waliokuwa wanapiga mswaki walitoka na miswaki mdomoni, waliokuwa wanasukwa walitoka nusu kichwa, na mzee mmoja alitoka na kiti chake kabisa, maana aliwajua wanawake hao wawili na alijua leo si ya kumalizika upesi. Bi Siwatu alikuwa bibi wa miaka sabini na ushee, mkuna nazi na mpika vitumbua, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili hata muda mwingi wa ugomvi ule alikuwa akiisuta nguzo ya umeme, Havintishi akiwa amesimama pembeni yake. Havintishi ndiye aliyekuwa mjumbe wa mtaa. Mwanamke mwenye mapande ya mwili, sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na daftari la jalada gumu ambalo ndani yake aliandika kila aliyezaliwa, aliyehamia na aliyekufa pale mtaani, kwa mwandiko wa kupendeza kama nakshi.

Hatua tatu kutoka hapo, ndani ya kibanda chake cha mbao, fundi simu alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa tumbo, bisibisi kati ya meno. Alizaliwa akaitwa Nuhu, lakini jina hilo lilikuwa limechakaa kwa kutotumika. Watu walimwita Chomeka, kwa kuwa ukimpelekea simu iliyokufa neno lake la kwanza lilikuwa “chomeka kwanza tuone,” na likishindikana hilo, la pili lilikuwa “zima, hesabu kumi, washa.” Kwa dawa hizo mbili alikuwa ameponya nusu ya simu za wilaya, na nusu iliyobaki aliiambia ukweli.

Asubuhi hiyo hakumwambia mtu ukweli. Alizidi kuinama. Bi Siwatu alipoapa kwamba aliyemnyang'anya zamu yake ya hospitali hatalala usingizi, Chomeka aliikaza skrubu ile ile kwa mara ya nne, kwa sababu kweli alikuwa hajalala siku tisa.

*

Haya yalitokea katika nchi iliyo mbali sana na hapa. Msomaji asianze kuchungulia dirishani. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Kurasa Safi, na sote tunajua kwetu hakuna wizara ya jina hilo, kwa hiyo tuendelee bila wasiwasi.

Zamani wizara hiyo ilikuwa na Ukurasa wa Taifa mchafu kweli kweli. Ukiufungua tu, wimbo wa taifa ulianza kupiga bila kukuuliza, hata kama uko msikitini. Picha ya Waziri ilikuwa ikizunguka kama feni. Maandishi yalikimbia kutoka kulia kwenda kushoto, mengine yakitoka kushoto kwenda kulia, yakigongana katikati. Kila ifikapo Desemba ukurasa uliangusha theluji, katika nchi ambayo barafu iliwahi kuonekana kwenye juisi tu. Mtu alianza kutafuta fomu ya cheti cha kuzaliwa mtoto, akaipata mtoto ameshaota ndevu.

Akaletwa mtaalamu kutoka nje. Alikaa hotelini majuma matatu, akautazama ukurasa, akasema neno moja: “Punguzeni.” Akapanda ndege akaondoka.

Basi wakapunguza. Waliondoa theluji, watu wakashukuru. Waliondoa wimbo, watu wakashukuru zaidi. Kisha mkono ukawa umeshachangamka. Wakaondoa namba za simu, kwa kuwa tarakimu hazipendezi. Wakaondoa wilaya tatu zenye majina marefu. Wakaondoa kitufe cha “Hapana,” kwa kuwa kilikaa karibu mno na cha “Ndiyo” na kuwachanganya wananchi. Mwishowe ukurasa ulibaki mweupe pe, na kitufe kimoja cha duara katikati kimeandikwa “Ndiyo.” Waziri aliutazama machozi yakamlengalenga. Akatoa amri ya mwisho: kila kinachojirudia kifutwe.

Hapo ndipo mtaa wa Mabati Mapya ulipofutika, na hapo ndipo tunarudi kwa Chomeka na gumba lake.

Miezi sita nyuma, wizara ilikuwa imewataka raia wote wajisajili kwa alama ya kidole gumba. Havintishi alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akaandika majina mia mbili na kumi na moja. Alipofika kibandani Chomeka alimcheka. “Dada mjumbe, mimi niandikwe kwa kalamu? Mimi fundi. Nitajiingiza mwenyewe.” Havintishi akasonya, akafunga daftari, akaipeleka nakala wizarani. Kazi ya magumba akamwachia Chomeka, kwa kuwa simu yake ndiyo pekee mtaani iliyokuwa na kioo kizima.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Siwatu. Akaweka gumba. Simu ikasema: Hakuna mtu. Jaribu tena. Akafuta kwa kanga, akaweka tena. Hakuna mtu. Miaka arobaini ya kukuna nazi na kusugua masufuria kwa majivu ilikuwa imelilainisha gumba lile likawa kama kijiko. Jua lilikuwa kali, foleni imefika barabarani, bibi wa watu anatetemeka.

“Mwanangu,” akasema kwa sauti ya chini, “ina maana mimi sipo?”

Moyo wa Chomeka ukakatika. Akaweka gumba lake mwenyewe, mara moja tu, amsitiri bibi. Simu ikatoa alama ya kijani. “Upo, bibi,” akamwambia. “Upo kabisa.”

Laiti angeishia hapo! Wa pili alikuwa fundi matofali, gumba lake limekwanguka. Akamwekea. Wa tatu alikuwa na gumba zima lisilo na tatizo lolote, ila alikuwa na haraka. Wa nne alimletea soda baridi. Kufikia saa tisa alasiri Chomeka alikuwa hata hawaombi watu wasogee, anauliza jina tu na kugonga gumba, huku anapiga soga. Alianza kwa huruma akamaliza kwa uvivu, na yeye mwenyewe hakuweza kusema huruma ilishukia kituo gani.

Kwa macho ya mfumo, basi, Mabati Mapya alikaa mtu mmoja aliyejirudia mara mia mbili na kumi na mbili. Wakasafisha. Akabaki mmoja.

*

Kuwa mtaa mzima peke yako si jambo dogo. Simu ya Chomeka haikupumzika.

“Ndugu Raia, ujauzito wako umetimiza miezi minane. Usinyanyue vitu vizito.”

“Ndugu Raia, umefeli hesabu za darasa la tatu. Njoo na mzazi.”

“Ndugu Raia, chanjo yako ya surua ya miezi tisa imechelewa.”

“Ndugu Raia, wizara inakupa pole kwa kifo chako.” Hii ilikuja mara mbili, na mara ya pili ilimtaka arudishe kitambulisho mwenyewe.

Na ile iliyomtoa usingizi: “Ndugu Raia, baada ya kusubiri miaka mitatu, zamu yako ya upasuaji wa jicho la kushoto ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Usipotokea, utarudi mwisho wa foleni.”

Macho ya Chomeka yalikuwa mazima. Aliweza kuiona skrubu ndogo kama punje ya ufuta.

Lililomchoma zaidi ni shukrani. Bomba la maji la mtaa lilifunguka kwa gumba la raia, na raia aliyebaki ni yeye. Kila asubuhi aliwafungulia, na kila asubuhi kina mama walimwombea dua. “Angalau wewe wamekubakiza,” walisema wakijitwisha ndoo. “Mungu hakosei. Kaona moyo wako.” Chomeka aliitikia amina kwa sauti ya mtu aliyemeza kokwa.

Wakati huo huo Havintishi alikuwa anaungua. Yeye ndiye aliyeandika majina, yeye ndiye aliyeyapeleka wizarani, yakapotea. Watu walihitaji mtu wa kumlaumu, naye alikuwa mkubwa na anaonekana kwa mbali. Kila Ijumaa, tangu enzi za mama yake, Havintishi hupika sufuria zima la pilau akaanika sahani barazani, na mtaa wote hula pale: wenye ndoa zao, wanaokosana, wapangaji wapya, hata mpita njia. Pale ndipo habari zote za mtaa zilipopata chumvi. Ijumaa iliyopita hakutokea mtu. Chomeka aliona kutoka kibandani jinsi alivyokaa na sahani zake mpaka mchuzi ukashika ngozi, na hata yeye hakwenda. Angekula na mdomo gani?

*

Jumatatu ile ugomvi ulipopoa kwa uchovu, simu ya Chomeka ikalia tena. Wizara iliandaa Simu ya Taifa, na ilitaka kila raia ataje anachotamani simu hiyo iweze kufanya. Kwa kuwa raia alikuwa mmoja, watu wakajazana kibandani watamani kupitia kwake.

“Andika,” akasema fundi matofali, “simu ikisikia mtu anasema ‘niko njiani nakaribia,’ itoe sauti: muongo, yuko kitandani.”

“Mimi nataka inuse,” mama mmoja akadakia. “Nikiwa hapa kwenye maneno, inipe harufu ya maharage yangu yanayoungua kule.”

“Mimi inichekeshe,” akasema mzee wa kiti. “Nyie mmekwisha.”

Bi Siwatu alikuwa ameketi juu ya kreti la soda. “Mimi ioneshe uso wa mtu mkubwa kama sinia,” akasema. “Nimjue ninayeongea naye kabla sijamtukana.”

Watu wakacheka. Kutoka mlangoni kwake, ambako hakuna aliyemuuliza, Havintishi akapaza sauti: “Na mimi niandikie! Mtu akinisengenya, simu imuwakie moto mkononi!”

Kicheko kikakatika. Watu watatu waliziingiza simu zao mifukoni.

“Na wewe, Chomeka?” Bi Siwatu akauliza, akigeukia upande aliodhani yupo. “Wewe fundi hutamani kitu?”

Chomeka alitazama vidole vyake. “Kitufe,” akasema. “Ukikibonyeza, simu inakwenda yenyewe kwa mtu uliyemkosea. Inamwambia kila kitu. Wewe unabaki hapa.”

“Hicho wanaume watakigombania,” Bi Siwatu akasema, na watu wakacheka upya, ila Chomeka.

Jibu la wizara halikukawia. “Ndugu Raia, matamanio yako kumi na manne yamepokelewa. Ili Simu ya Taifa ibaki safi, yote yameondolewa. Asante kwa kushiriki.”

*

Jumanne alivaa shati lake la harusi za watu akaenda wizarani.

Jengo nalo lilikuwa limesafishwa. Vibao vya milango vimeondolewa, milango yote myeupe, korido zote nyeupe, na watu wamo humo wanatembea taratibu wakipapasa kuta. Mwanamume mmoja alimnong'oneza Chomeka kwamba aliingia juzi kuuliza choo. Mapokezi palikuwa na meza tupu na dada mmoja aliyekaa wima.

“Habari za saa hizi, dada. Nimekuja kueleza kosa.”

“Ndiyo,” akasema dada.

“Niende chumba gani?”

“Ndiyo.”

Chomeka akaelewa kwamba hilo ndilo neno walilomwachia. Akaanza kufungua mlango mmoja baada ya mwingine. Wa tisa ulikuwa wa Mkurugenzi Mkuu wa Nafasi Tupu, Mheshimiwa Daktari Ng'aro, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cheupe mbele ya ukuta mweupe, amevaa suti nyeupe, hata Chomeka kwanza aliona meno na tai.

“Karibu, raia!” akasema Mheshimiwa, akasimama kama aliyesubiri hadhira tangu asubuhi. “Umeuona ukurasa wetu? Uliwahi kuona utulivu ule? Taifa lenye vitufe vingi ni taifa lenye maswali mengi. Sisi tumemtua mwananchi mzigo wa kuchagua! Mataifa jirani yanakuja kujifunza hapa. Malalamiko yameshuka mpaka sifuri.”

“Yameshukaje, Mheshimiwa?”

“Tuliondoa kitufe cha malalamiko.”

Chomeka akapiga magoti kabisa, kwa sababu alijua akisimama atakimbia. “Mheshimiwa, mimi nimekosea. Mtaa wetu una watu mia mbili na kumi na wawili. Niliwawekea gumba langu.”

“Haiwezekani.”

“Wallahi niliwawekea.”

“Haiwezekani kukosea, nasema. Kukosea tuliondoa mwezi wa tatu. Ukurasa wa makosa ulikuwa na maandishi mekundu, ukiharibu mandhari.” Akamwinua kwa huruma. “Inuka, raia. Huna pa kukosea.”

Wakati huo simu ya Mheshimiwa ikalia mezani. Akaikimbilia, akaigusa hapa, akaigusa pale, ikaendelea kulia. Jasho likaanza kuingia kwenye ile suti. “Mke wangu,” akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya binadamu. “Tangu tuisafishe simu hii sioni mahali pa kupokelea. Siku ya kumi na moja leo. Nikifika nyumbani ananiuliza nina nani.”

Ufundi ni ugonjwa. Chomeka aliichukua simu bila kufikiri, akaizima, akahesabu kumi, akaiwasha. Vitufe vyote vya zamani vikarudi, vya kijani na vyekundu, vichafu na vizuri. Mheshimiwa akapokea, akasema “naam mama watoto” mara sita, akakata akiwa na uso wa mtu aliyetoka kifungoni.

“Hii sera umeisomea wapi?”

“Mtaani, Mheshimiwa. Zima, hesabu kumi, washa.”

Mheshimiwa akafunga mlango, akasogea. “Kwa kuwa umeniokoa ndoa, nikwambie. Watu wako wapo. Mjumbe wenu alituletea nakala ya daftari. Mwandiko mzuri kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuifuta. Mfumo umeilaza chini ya hayo mengine yote. Raia aliyebaki akijizima mwenyewe, mfumo utashtuka kwamba mtaa hauna mtu, utachota waliomo daftarini na kuwarudisha wote. Wala hawatahitaji gumba.”

“Wote?”

“Wote waliomo daftarini.”

Chomeka akalitazama gumba lake. “Na aliyejizima?”

“Yumo daftarini?”

“Alisema atajiingiza mwenyewe.”

Mheshimiwa aliikunjua mikono yake miwili, akaitazama nafasi tupu iliyokuwa katikati yake. “Safi sana,” akasema.

*

Jumatano mchana, kibanda kikiwa kimefungwa nusu mlango, Chomeka aliufungua Ukurasa wa Taifa na kushikilia duara kwa gumba mpaka maandishi yakatokea: Unataka kujizima. Je, una uhakika? Chini yake palikuwa na “Ndiyo” peke yake.

Tusimsifu haraka. Kilichompa nguvu hakikuwa ushujaa mtupu. Aliwaza: nikifanya hivi, bibi atapata zamu yake, mtaa utarudi, na hakuna atakayejua. Yale yaliyotokea yatajifunika yenyewe. Mtu hutoa hata nafsi yake ilimradi asiombe radhi. Akabonyeza, akahesabu kumi. Simu yake ikawa nyeupe na haikurudi. Nje, simu za mtaa mzima zikaanza kulia kwa pamoja kama ndege wa asubuhi.

Vigelegele! Mama aliyekuwa mjamzito alirudishiwa ujauzito wake. Bomba lilifunguka kwa kila aliyelitajia jina lake la daftarini, wakaliacha litiririke kwa furaha tu. Alhamisi alfajiri wanawake wanne walimsindikiza Bi Siwatu hospitalini, na jioni wakamrudisha na kitambaa kwenye jicho la kushoto.

Chomeka alikwenda bombani na ndoo yake. Bomba halikumjua. Akasubiri mtu amfungulie, na hilo alilipokea kama haki. Asilolitegemea ni maneno aliyoyasikia pale akisubiri.

“Si mnaona?” alikuwa anasema fundi matofali. “Tumemkaba Havintishi maneno Jumatatu, Jumatano kayatapika majina.”

“Kama hakuwa nayo, ameyarudishaje?” akaunga mkono mama wa maharage.

“Mwizi akirudisha mali ndiyo umejua aliiba,” akamalizia mzee wa kiti, na wote wakaona jambo hilo limethibitika.

Chomeka aliondoka bila maji.

*

Ijumaa Bi Siwatu alitolewa kitambaa. Alikaa kibarazani kwake akiutazama mtaa kwa jicho moja kama mgeni aliyefika kutoka mbali: mabati, kuku, rangi ya kanga yake mwenyewe, ambayo miaka mitatu alidhani ni ya bluu. Kutoka upande wa pili wa njia ilikuja harufu ya pilau. Havintishi alikuwa ameepua. Alianika sahani moja moja barazani, akazipangusa, akakaa. Hakuna aliyevuka njia. Watu walisimama milangoni mwao, mate yanawajaa, wakitazama pembeni.

Chomeka alihesabu sahani kutoka kibandani. Kumi na nane, kama siku zote. Akaitazama simu yake nyeupe iliyolala mezani. Ingekuwa na kile kitufe! Ingetoka yenyewe, ikavuka njia, ikasema. Aliitikisa, akaichomeka, akaizima na kuiwasha. Ikabaki nyeupe.

Akatoka. Alisimama katikati ya njia, karibu na ile nguzo ya umeme iliyozoea kusutwa.

“Jamani!” Sauti ikatoka nyembamba. Akakohoa. “Jamani, Havintishi hakuuza kitu. Ni mimi. Siku ile ya kusajili niliweka gumba langu kwenu wote. Ndiyo maana mlifutwa. Daftari lake ndilo lililowarudisha, si kelele zenu. Nimejua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Mkaniombea dua, nikaitikia amina.”

Hata kuku walisimama.

“Gumba langu mimi?” akauliza Bi Siwatu.

“Lako halikusoma, bibi. Niliweka langu.”

“Uliniambia nipo.”

“Nilikudanganya, bibi.”

Bi Siwatu aliinuka, akaja polepole mpaka mbele yake, akainua uso na kumkagua kwa lile jicho jipya, kutoka nywele mpaka kandambili. “Ndiyo kwanza nakuona,” akasema. “Miaka yote hii nikidhani wewe ni mrefu.”

“Ngoja kwanza,” fundi matofali akasema akihesabu kichwani. “Kwa hiyo siku zile zote, kwa maandishi ya serikali, mke wangu alikuwa wewe?”

“Na mimi ningekufa, marehemu angekuwa wewe?” akadakia mzee wa kiti kwa ukali. “Ungefia kwenye jina langu?”

“Nimeshakufa mara mbili, mzee.”

Mtu mmoja alicheka, kicheko kikamkaukia. Kwa sababu sasa kila mmoja alikuwa amekumbuka aliyoyasema bombani, na harufu ya pilau ilikuwa bado inavuka njia, na hapakuwa na mtu mwenye uso wa kuifuata. Bi Siwatu aliigeukia baraza ya Havintishi, akaanza kuikunja ncha ya kanga.

Havintishi alikuwa ameyasikia yote, mwiko mkononi. Aliingia ndani, na watu wakadhani amefunga mlango kwa heri. Akatoka na daftari. Akalifunua taratibu, akalamba kidole, akapekua mpaka ukurasa wa mwisho.

“Chomeka.”

“Naam, dada mjumbe.”

“Humu ndani humo.”

“Simo.”

“Na kwenye ule ukurasa wao?”

“Nilijifuta Jumatano.”

“Kwa hiyo hupo popote.”

“Sipo, dada.”

Havintishi alimtazama kwa muda ambao Chomeka alihisi ungetosha kuhesabu kumi mara kumi. Kisha akalifunga daftari, akaliweka chini ya kwapa, akachukua sahani ya kwanza na kuipakua ikajaa mpaka ukingoni.

“Birika la maji liko pale,” akasema. “Kanawe. Hilo gumba lisugue mara mbili. Halafu uingie ule.”